Mapipa 28,414,518.26: jinsi ya kutafuta kasoro katika namba za ripoti ya mafuta na gesi

Kazi yangu hapa Mombasa ni kukagua hesabu kabla ripoti haijatoka. Jiolojia ina wenyewe, mimi huletewa jedwali la Excel na rasimu, kwa kawaida siku mbili kabla ya mkutano, na simu inayosema, "Angalia angalia tu haraka." Baada ya miaka kadhaa ya kuangalia haraka, nimeona kasoro nyingi ni zile zile zinarudi zikiwa zimebadilisha kanzu. Nazipanga hapa kama zinavyokutokea: kwanza dalili, halafu chanzo, halafu la kufanya.

Maneno mawili kwanza, ili tuelewane. Kufupisha namba ni kuipeleka kwenye kumi, mia, elfu au milioni iliyo karibu nayo. Tarakimu muhimu ni zile zinazobeba habari. Katika milioni 28 kuna mbili. Katika milioni 28.4 kuna tatu. Na sufuri zinazojaza nafasi hazihesabiwi. Kila tarakimu muhimu unayoiandika ni dai kwamba unaijua.

Dalili: kadirio lina tarakimu kumi

Hii ndiyo ninayokutana nayo zaidi, na ndiyo inayofundisha zaidi, kwa hiyo tukae nayo.

Tuseme kuna eneo la eka 2,400, mwamba wenye mafuta una unene wa futi 60, na vitundu ni asilimia 18 ya mwamba huo. Asilimia 35 ya vitundu vina maji, iliyobaki ina mafuta. Mafuta yakipanda juu, gesi iliyoyeyuka ndani yake hutoka na ujazo hupungua, ndiyo maana tunagawa kwa kigawo cha kusinyaa, hapa 1.15. Kati ya yote yaliyoko chini, tunatarajia kuvuna asilimia 25. Eka moja iliyojazwa kina cha futi moja huchukua mapipa 7,758. Zidisha, gawa, na Excel inakujibu: mapipa 28,414,518.26.

Pipa ni lita 159 hivi, kwa hiyo ile 0.26 ya mwisho ni kama lita 41. Yaani tunadai kuyajua mafuta yaliyojificha chini kabisa ya ardhi kwa usahihi wa mitungi miwili ya maji, ile ya lita ishirini inayosukumwa kwa mkokoteni mitaani Majengo. Muuza maji mwenyewe hadai usahihi huo, na yeye mitungi yake anaiona.

Chanzo ni rahisi: mashine haijui kuwa ile 18 ya vitundu ni kadirio. Inaichukulia kuwa ni 18 kamili, 18.0000000. Ijaribu mwenyewe. Weka 17 badala ya 18, jibu linashuka hadi milioni 26.8. Weka 19, linapanda hadi milioni 30. Sasa badilisha kiwango cha uvunaji, ambacho mara nyingi ndicho kinachojulikana kidogo kuliko vyote: kwa asilimia 20 unapata milioni 22.7, kwa asilimia 30 unapata milioni 34.1. Tarakimu ya kwanza yenyewe imeshaanza kutikisika, na sisi tunapigania senti za pipa.

La kufanya: pembejeo zako zina tarakimu muhimu mbili, basi jibu nalo liwe na mbili. Andika "mapipa milioni 28", na usiliache peke yake. Lipe kadirio la chini na la juu. Kama simulesheni, yaani kompyuta kurudia hesabu mara nyingi kwa pembejeo zinazobadilika-badilika, imekupa 17 kwa chini na 45 kwa juu, msomaji akiona 17, 28 na 45 anaelewa hali mara moja. Akiona 17.386, 28.415 na 45.102 anadhani kuna mtu aliyeteremka akapima kwa pishi.

Kijana mmoja wa hesabu aliwahi kunibishia: "Kaka, lakini Excel haikosei." Kweli haikosei. Imezidisha sawasawa kile ulichoipa.

Dalili: safu haijumuiki

Jedwali linaonyesha 14, 7 na 3, na chini yake jumla 25. Kila mwenye macho anajua 14 na 7 na 3 ni 24. Simu zinaanza.

Bonyeza seli zenyewe uone kilichomo: 14.4, 7.4 na 3.4. Jumla yake ni 25.2, ikaonyeshwa 25. Hakuna kosa la hesabu hapo. Kinachoonekana kimefupishwa, kilichohifadhiwa hakijafupishwa, na jumla imetoka kwenye kilichohifadhiwa, kama inavyotakiwa.

Dawa ni sentensi moja chini ya jedwali: "Jumla huenda isilingane na safu kwa sababu namba zimefupishwa." Basi. Usibadilishe 14 kuwa 15 ili mambo yakae sawa; hapo ndipo kosa la kweli linapozaliwa. Na usiguse ule mpangilio wa Excel unaoilazimisha kuhesabu kwa namba kama zinavyoonekana. Unazikata namba ulizoingiza moja kwa moja, na ukiuondoa baadaye tarakimu zilizokatwa hazirudi. Nimeona jedwali la miezi minne likiharibika hivyo kabla ya chai ya saa nne.

Dalili: ripoti mbili za chanzo kimoja zinatofautiana kwa moja

Ripoti ya kiufundi inasema milioni 24, taarifa kwa wanahabari inasema milioni 25. Chanzo karibu kila mara ni kufupisha mara mbili. Namba ya asili ni 24.46. Mhandisi akaifupisha ikawa 24.5. Mwandishi wa taarifa akaichukua 24.5, naye akafupisha, ikawa 25. Kila mmoja amefuata kanuni, ila wa pili alifupisha kilichokwisha kufupishwa. Ukitoka 24.46 moja kwa moja unafika 24.

Tofauti kati ya 24.46 na 25 ni mapipa 540,000. Kijiolojia si kitu, inazama ndani ya mpaka wa makosa bila kutoa povu. Lakini shehena ya kwanza ya mafuta ghafi ya Turkana iliyotoka bandari ya Mombasa Agosti 2019 ilitangazwa kuwa ya mapipa 200,000 hivi, kwa hiyo msomaji wa kawaida ataona umemwongezea zaidi ya meli mbili kwa kalamu tu, na ana haki ya kuuliza. Wahenga wa huku walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kwenye namba, ngama ni ile seli ambayo haijafupishwa. Kila anayetaka kufupisha arudi huko.

Kuna binamu wa dalili hii. Excel ikipewa 2.5 ifupishe hadi namba nzima, inatoa 3. Python, kwa amri yake ya kawaida ya kufupisha, inatoa 2, kwa sababu nusu kamili huipeleka kwenye namba shufwa iliyo karibu. Hakuna iliyokosea. Kama timu yako ina watu wa Excel na watu wa Python, kubalianeni ni ipi itakayotoa namba ya mwisho.

Dalili: kadirio la chini la jumla ni dogo mno, la juu ni kubwa mno

Hapa ndipo hata wazoefu hujikwaa, kwa sababu kosa halipo kwenye tarakimu bali kwenye alama ya kujumlisha.

Tuna visima vinne vilivyokwisha kugundua mafuta, na kila eneo lina makadirio yale yale: P90 ni milioni 17, P50 ni 28, P10 ni 45. P90 ni kiasi ambacho kuna uwezekano wa asilimia 90 kukifikia au kukizidi. P10 uwezekano wake ni asilimia 10 tu. Mtu anajumlisha wima: 68, 112, 180, kisha anaandika juu ya safu "P90, P50, P10 ya jumla". Sivyo.

Chukua mashua nne za wavuvi wa Mtongwe. Kila moja, siku moja katika kumi, hurudi na samaki wachache sana. Kama kila mashua inavua mahali pake na bahati yake haihusiani na ya wenzake, siku ambayo zote nne zitarudi hivyo ni moja katika elfu kumi. Kwa hiyo ukijumlisha "siku mbaya" nne umepata siku mbaya kupindukia ambayo karibu haitokei, si siku mbaya ya kawaida ya pwani nzima. Upande wa neema ni vivyo hivyo: siku ambayo mashua zote nne hujaa kwa pamoja ni nadra.

Nimezihesabu zile nne kwa kudhani kila moja ina mtawanyiko ulioegemea upande, wenye mkia mrefu kulia, na kwamba hazihusiani. Jumla yake inakaribia 92 kwa P90, 118 kwa P50 na 150 kwa P10. Linganisha na 68, 112 na 180. Hata ya katikati haikujumuika, na hilo huwashangaza wengi. P50 hazijumuiki wakati mtawanyiko umeegemea upande mmoja. Kinachojumuika daima ni wastani. Hapa wastani wa kila eneo ni 30, na jumla ya wastani ni 120, iwe maeneo yanahusiana au hayahusiani. Ndiyo maana Idara ya Jiolojia ya Marekani, ilipotoa mwaka 2012 makadirio ya maeneo manne ya pwani ya mashariki ya Afrika, iliweza kutaja jumla moja ya wastani: mapipa bilioni 27.6 ya mafuta na futi za ujazo trilioni 441 za gesi. Na tafadhali, hayo yalikuwa makadirio ya mafuta na gesi ambayo hayajagunduliwa. Nimesikia watu wakiyasema kana kwamba yako ghalani.

Lakini rudi Mtongwe. Kusi ikivuma kwa nguvu, mashua zote nne hurudi mikono mitupu siku moja. Bahati zao zina mzizi mmoja. Maeneo ya mafuta pia: yakitegemea mwamba mama mmoja, yaani mwamba ulikozaliwa mafuta, au mkalimani mmoja wa data za mitetemo inayopima miamba ya chini aliyekosea kina, yatapungua pamoja. Uhusiano ukiwa mkubwa, jumla inasogea kuelekea 68 na 180. Ukiwa mdogo, inasogea kuelekea 92 na 150. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwanajiolojia ni hili: "Hili likianguka, lile litasimama?" Jibu lake lina uzito kuliko tarakimu zote za baada ya nukta.

Kwenye ripoti rasmi, PRMS, mfumo wa kimataifa wa kupanga rasilimali za mafuta na gesi katika makundi, uliotolewa 2007 na kurekebishwa 2018, unapendekeza kutotumia jumla za kitakwimu kupita ngazi ya uwanja wa mafuta au mradi. Juu ya hapo jumlisha kawaida, kwa kila kundi: la chini, la kati na la juu. Fuata hivyo, ila mwambie msomaji waziwazi kuwa jumla ya chini imekuwa ya tahadhari mno na ya juu ya matumaini mno. Na usiibandike lebo ya P90.

Dalili: namba imekua au imepungua mara elfu

Vyanzo viwili, vyote vya kijinga, vyote vya gharama.

Cha kwanza ni herufi M. Katika mafuta na gesi, M ni elfu ya Kirumi, na MM ni elfu mara elfu, yaani milioni. Mhandisi wa umeme, au yeyote aliyezoea megawati, akiona M anasoma milioni. Andika kwa maneno: elfu, milioni, bilioni, trilioni. Kiswahili kinatosha na hakichanganyi.

Cha pili ni mkato. Sisi Kenya tunaandika 3.125 kwa nukta ya desimali na 3,125 kwa elfu tatu. Faili likitoka Msumbiji, kwa desturi ya Kireno, mkato ndio desimali. Lililokuwa tatu na kitu huingia kwenye jedwali lako kama elfu tatu mia moja ishirini na tano, kimya kimya. Kwa vile gesi nyingi ya ukanda huu iko upande wao, faili hizo zitakufikia tu. Kabla ya kuzitumia, tazama namba moja unayoijua tayari ukubwa wake.

Dalili: tofauti ya asilimia tatu na nusu hivi isiyoeleweka

Ukikuta kila namba ya gesi iliyogeuzwa kuwa mapipa imezidi ya mwenzako kwa asilimia 3.4, usitafute mbali. Mmoja amegawa futi elfu za ujazo kwa 6 ili kupata mapipa linganifu, yaani gesi yenye nishati sawa na ya pipa la mafuta, mwingine kwa 5.8. Trilioni moja ya futi ni mapipa linganifu milioni 167 kwa njia ya kwanza, milioni 172 kwa ya pili. Chagueni moja, iandikwe kwenye ukurasa wa kwanza.

Tofauti ikiwa asilimia 0.2 tu, huenda mmoja amepima gesi kwa nyuzi 15 za Selsiasi na mwingine kwa 60 za Farenhaiti, ambazo ni 15.6. Kwa kadirio la chini ya ardhi, sahau. Kwa gesi unayouza kwa mita, usisahau. Na ukimkuta mtu anabishana kama pipa ni lita 159 au 158.987, mpe kahawa chungu na kashata, muendelee na kazi.

Dalili: jumla ya "tulichovuna na kilichobaki" ina usahihi wa ajabu

Mfano: kilichokwisha kuvunwa, mapipa 412,318. Kilichobaki, milioni 28. Mtu anajumlisha: 28,412,318.

Hapo umechanganya pipa lililopimwa na pipa lililokadiriwa. Mafuta ya Lokichar, kule Turkana, yalipokuwa yakija kwa malori hadi matangi ya Changamwe, pale kilipokuwa kiwanda cha kusafishia mafuta kilichoacha kusafisha mwaka 2013, yalipimwa: kina cha tangi, joto, maji yaliyomo. Namba ya namna hiyo inastahili tarakimu zake sita. Ile ya chini ya ardhi haistahili. Jumla hufuata iliyo butu zaidi, kwa hiyo bado ni milioni 28. Yaweke mapipa hayo katika safu mbili tofauti na usiyajumlishe ila umelazimishwa.

Dalili: kila ukiendesha simulesheni inatoa jibu jingine

Hiyo ni tabia yake, huchota namba kwa bahati nasibu. Iendeshe mara tano, kila mara ukianza na mbegu tofauti, yaani namba inayoanzisha bahati nasibu hiyo, kisha panga majibu juu kwa juu. Tarakimu zinazobaki zile zile mara zote tano unaweza kuziandika, zinazocheza, zikate. Ukitaka ripoti ya mwaka ujao ilinganishwe na ya mwaka huu, hifadhi namba ya mbegu pamoja na faili. Kutulia kwa tarakimu hakuthibitishi kuwa pembejeo ni sahihi. Kunakwambia tu kuwa simulesheni imezunguka mara za kutosha.

Dalili: kadirio jipya limezidi la zamani na wote wanataka kujua mafuta yametoka wapi

Kwa miaka kadhaa namba iliyotajwa hadharani kwa mafuta yanayoweza kuvunwa Lokichar Kusini ilikuwa mapipa milioni 560. Mwaka 2021 mpango uliorekebishwa ukataja milioni 585. Milioni 25 za ziada! Ni zaidi ya shehena mia moja za ukubwa wa ile ya kwanza. Lakini ni asilimia 4.5 tu, na tumeona juu jinsi pointi moja ya vitundu inavyoweza kusogeza jibu kwa zaidi ya hapo.

Kabla ya kuandika "yameongezeka", uliza mambo matatu. Je, zote mbili ni za kundi moja, au moja ni akiba, yaani mafuta yaliyothibitika kuwa ya kibiashara, na nyingine ni rasilimali zenye masharti, yaani yaliyogunduliwa lakini bado yanasubiri masharti fulani yatimie? Je, ni makadirio ya kati yote mawili, au mmoja ametaja wastani, ambao kwa mtawanyiko ulioegemea kulia huzidi P50? Je, kilichobadilika ni mwamba, au ni mpango wa uchimbaji wenye visima vingi zaidi na kiwango cha juu cha uvunaji? La tatu likiwa ndilo, mafuta yale yale yako pale pale. Mpango ndio umebadilika, na ripoti iseme hivyo.

Kwa jedwali lenyewe, mimi huweka safu moja ya namba ambazo hazijafupishwa, naifunga kwa nywila, naandika tarehe na jina la aliyeziingiza. Safu ya kuchapishwa inachota humo na kufupisha mara moja tu. Akija mtu na tarakimu ya ziada, namwonyesha safu iliyofungwa, kisha namuuliza ile 18 ya vitundu ilitoka wapi.